Nilidhani Nimeifunga

Sehemu ya Sita

Wewe uliye nami tangu mwanzo, nivumilie kidogo nimsogezee kiti huyu anayeingia sasa.

Mimi ni bibi wa kudarizi. Nembo zilizo kifuani mwa masweta ya watoto wa shule za huku kwetu, nyingi zimetoka kwenye mashine yangu. Mashine inaongozwa na kompyuta. Naitengeneza nembo kwenye kompyuta, naituma kwenye mashine, sindano inafanya iliyobaki.

Kompyuta yangu ilikuwa ya upande wa madirisha. Nilianza nayo nywele zikiwa bado nyeusi. Ikifa moja nanunua nyingine ya upande uleule, kama mtu anayeshabikia timu yake hata ikifungwa kila wiki.

Kisha wanangu wakachangishana kwa siri, wakaniletea ya upande wa pili, ile yenye tunda mgongoni. Nyembamba, nyepesi kama sahani. Nilipiga vigelegele. Nikasema mbele ya watu wote kwamba nimezaliwa upya, ile kuukuu waiondoe machoni pangu.

Wakaiondoa. Mdomo huu!

Wiki iliyopita uliniacha kwenye aibu. Masweta ya shule moja yalirudi yote, mwenge wa nembo umesimama kichwa chini, moto unamwagika kama maji ya ndoo. Mwalimu mkuu hakunifokea. Aliyakunja yeye mwenyewe, moja baada ya jingine, akayapanga mezani, akasema, "Bibi, hata wewe unachoka." Afadhali angenifokea.

Na siri yangu mnaijua nyinyi na jirani yangu tu. Macho yananiaga. La kushoto limezimika. La kulia linaona katikati peke yake, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Daktari anasema ni presha ya macho. Matone aliyonipa nimeyaficha kwenye kopo la vifungo.

Kwenye kompyuta ya zamani sikuhitaji kuona sana. Vidole vyangu vilikuwa vinaijua njia, kama unavyokwenda chooni kwako gizani bila kujikwaa. Hii mpya ni nyumba ya mtu mwingine. Kitufe ambacho kidole changu kidogo kilikizoea pembeni, humu kimehamia karibu na gumba. Kurasa nikizivuta chini zinapanda juu. Alama ya kufunga, ambayo maisha yangu yote ilikaa kona ya kulia, humu ni kitone chekundu kona ya kushoto.

Sasa tazama nilivyobanwa.

Nikiilaumu kompyuta, nimewatukana watoto waliojinyima kuninunulia. Nikiisifu, basi mwenge uliogeuka kosa ni la macho yangu. Huku ukuta, huku ukuta.

Hapo ndipo tulipoishia.

* * *

Ilikuwa siku ya mapumziko, mchana. Shule zilikuwa zinafunguliwa kesho yake, na rundo la masweta yale lilikuwa bado linanitazama. Nembo za zamani nilikuwa nimezifumua uzi kwa uzi. Sasa nilikuwa nadarizi upya.

Jirani yangu alikuwapo. Tumepakana ukuta mmoja, mjane kama mimi, na watu wanamwita Bi Redio kwa sababu hazimwi. Kila asubuhi huja kuomba kiberiti. Hadi anaondoka, sindano zangu zote zimeshatungwa uzi. Hajawahi kusema lolote kuhusu jambo hilo, naye ni mtu wa kusema kila kitu.

"Mwenge uko juu?" nilimuuliza.

"Uko juu."

"Una hakika?"

"Shoga, moto unakwenda juu. Ukienda chini huo si mwenge, huo ni bomba."

Nikabonyeza, mashine ikaanza kunguruma.

Kibodi yenyewe ilikuwa inanikera kwa jambo jingine. Ilikuja na uchafu. Juu ya vitufe vichache kulikuwa na vivimbe vidogo vigumu, kama gundi iliyodondoka ikakauka. Kimoja nilikikwangua kwa ncha ya mkasi mapema kabisa, maana mimi na uchafu hatupatani. Vilivyobaki viling'ang'ania, nikaviacha.

Kompyuta ikaanza kulia. Simu ya video.

"Wanao hao," alisema Bi Redio. "Wote watatu."

Mwanangu wa kiume alishanipigia asubuhi. Mtoto wake anasoma shule ile ya mwenge, kwa hiyo habari ilimfikia kabla sweta halijakauka aibu. Alisema, "Mchana tutakaa sote tuzungumze." Mtoto wako akikwambia "tutakaa tuzungumze," ujue wameshazungumza. Wewe unaletewa hukumu.

"Kaa hapo chini, kwenye marobota," nilimwambia Bi Redio. "Usionekane. Wakinionyesha kitu, ninong'oneze."

"Mimi? Kunong'ona?"

"Jaribu. Kwa ajili yangu."

Akajikunja kwenye marobota ya vitambaa kando ya meza. Nikapokea.

"Mama! Shikamoo!"

"Marahaba wanangu. Marahaba."

Niliona vivuli vitatu kwenye miraba mitatu. Sauti ndizo zilizoniambia nani ni nani. Binti yangu mkubwa, muuguzi, yuko nchi ya mbali na huongea haraka kama anayekimbiza gari. Mwanangu ni fundi wa lifti, naye huongea polepole kama lifti mbovu. Wa tatu ni mkamwana wangu, mke wa huyo fundi. Anafanya kazi saluni, anawapaka watu rangi za kucha. Yeye haongei sana. Siku walipoileta kompyuta, wengine walikuwa wanapiga picha na kula. Yeye alikaa kando yangu akaniuliza, "Mama, vitufe gani unavitumia zaidi?" Nikamwonyesha. Niliona ni soga tu, lakini nilimshukuru moyoni kwa kuniuliza jambo la kazi yangu.

"Mama," alisema mwanangu, "tumeongea sisi kwa sisi."

Si nilikwambia?

"Habari ya masweta imetutia wasiwasi. Kwa hiyo tumekubaliana. Likitokea kosa jingine, moja tu, tunafunga chumba cha kazi. Unakuja kwangu. Chumba kipo, kitanda kipo. Umefanya kazi vya kutosha. Ukapumzike."

Mwanangu anatengeneza lifti za watu na yeye mwenyewe anaishi ghorofa ya nne kwenye jengo lisilo na lifti. Mimi na magoti haya, nikipanda pale nimepanda. Nitashuka nikiwa nimebebwa.

"Kosa lilikuwa moja tu, baba," nilisema.

"Ni kompyuta au ni wewe?" aliuliza binti yangu. "Kama kompyuta inakusumbua sema, Mama. Hakuna atakayekasirika."

Nikasikia kwenye sauti yake zamu za usiku alizozifanya ili anunue ile kompyuta.

"Kompyuta ni nzuri mno," nilisema. "Siwezi kurudi kule nilikotoka."

"Basi ni macho."

"Macho yangu mazima!"

"Haya. Tazama ukutani kwangu," alisema mwanangu, akageuza simu yake. "Kalenda unaiona? Niambie inaonyesha mwezi gani."

Niliona ukungu mweupe. Lakini mwezi tuliomo naujua, sijafika kiwango cha kusahau mwezi. Nikafungua mdomo niutaje.

"Uliopita!" ilisema sauti kutoka kwenye marobota. "Hajafungua ukurasa!"

"Inaonyesha mwezi uliopita," nilisema haraka. "Mvivu wewe. Hata ukurasa huwezi kufungua?"

Wakacheka. Mwanangu hakucheka.

"Nani huyo anayeongea hapo?"

"Redio," nilijibu.

Sikudanganya.

"Mama, funika jicho la kulia," alisema binti yangu. Hapo aliniita kwa sauti ya hospitali, si ya nyumbani. "Funika kwa kiganja. Nionyeshe kama unaona vidole vyangu. Vingapi?"

Nikafunika. Kukawa giza tupu, wasomaji wangu. Giza la ndani ya mfuko.

Bi Redio akakohoa. Akakohoa tena. Akakohoa tena.

"Vitatu," nilisema.

"Na sasa?"

Kikohozi kimoja.

"Kimoja."

"Na sasa?"

Bi Redio akaanza kukohoa, moja, mbili, halafu kikampalia cha kweli. Akakohoa mfululizo, akapiga kifua, akashika meza, mkasi ukaanguka. Mimi nikiwa gizani najaribu kuhesabu.

"Vidole tisa?" nilisema.



"Nina mikono miwili, Mama," alisema binti yangu taratibu, "lakini nimeinua mmoja."

"Na hiyo redio," alisema mwanangu, "ina kifua?"

Nilijua sasa wanasogeza nyuso karibu na skrini, wananichunguza kama watu wanaokagua pasi ya bandia.

Ndipo mkamwana wangu akasema, kwa ile sauti yake ndogo, "Jamani, mwacheni Mama. Ana masweta ya kesho. Mtu anahesabishwa vidole kama mtoto wa chekechea, atafanya kazi saa ngapi? Mama anatania tu."

"Natania tu," nilisema.

"Wifi, wewe unamdekeza," alisema binti yangu. Lakini alikuwa anaingia zamu, na zamu haisubiri mtu. "Mama, nitakupigia wiki hii. Peke yetu. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama."

"Na kesho," alisema mwanangu, "nitapita shuleni nikayaone hayo masweta kwa macho yangu."

"Karibu uyaone."

Nikawaaga mmoja mmoja. Nikasogeza kishale kwenye kona ya kushoto, pole pole, mpaka nikakipata kile kitone chekundu. Nikabonyeza. Vivuli vyote vikatoweka.

Kwenye kompyuta yangu ya zamani, ukifunga umefunga. Kitu kinakufa palepale, hakuna mjadala.

* * *

"Vidole tisa!" alisema Bi Redio, akajitupa sakafuni kwa kicheko. "Umewahi kuona wapi mkono wa vidole tisa?"

"Wewe ulikohoa tisa!"

"Nilikuwa nakufa!"

Tukacheka mpaka tukashikana mabega. Kicheko cha watu waliookoka hakina heshima.

"Haka kataa kake kazuri," alisema baadaye, akipangusa machozi. "Haka ka kijani hapa juu."

"Ni ka umeme hako."

"Kananiangalia."

"Kaache. Nitungie uzi wa njano."

Akatunga. Mashine ikaendelea na sweta jingine. Kisha akanyamaza kidogo, na Bi Redio akinyamaza ujue kuna habari muhimu inakuja.

"Leo umepona," alisema. "Na wiki ijayo? Yule muuguzi si mtu wa kudanganywa na kikohozi. Kwa nini usiwaambie tu?"

"Niwaambie ili iweje?"

"Ili wakusaidie."

"Watanisaidia, najua. Watanisaidia mpaka niishe." Nikaacha kitambaa. "Dada yangu mkubwa alichukuliwa hivyohivyo. Kwa upendo. Alikuwa fundi wa mikeka, mikono yake haikujua kukaa. Wakamweka kwenye kochi zuri, wakampa runinga, kila akinyanyuka wanamwambia kaa, tutafanya sisi. Alipumzishwa mpaka akasahau mikono ilikuwa ya nini. Nilikwenda kumwona, akaniuliza kama mimi ndiye mfanyakazi mpya."

Bi Redio akauokota mkasi sakafuni.

"Hata hivyo hilo si kubwa," nilisema. "Kubwa ni yule binti."

"Muuguzi?"

"Mkamwana wangu. Unajua alimuuguza mama yake mpaka mwisho? Peke yake, na huku anakwenda kazini. Nilimwona alivyokonda. Kwa muda mrefu sikuusikia mdomo wake ukicheka. Sasa ndiyo kwanza ameanza. Siku ile ya kompyuta alicheka mpaka akajishika mbavu, nikasema moyoni, ah, amerudi. Leo mimi nipande ghorofa ya nne nimkalie mgongoni? Anishike mkono kwenda bafuni? Anilishe? Mwanangu anasema 'unakuja kwangu,' lakini atakayenibeba si yeye, yeye atakuwa kwenye lifti zake. Atakayenibeba ni yule mtoto, na hatasema hapana, maana hajui kusema hapana. Bora nianguke hapa kwangu kuliko kumzima tena."

"Na jicho la kulia?"

"Linakwenda. Ile njia inazidi kuwa nyembamba. Matone yenyewe nikijiwekea nusu inaishia shavuni. Hata mwenge sikuuona, shoga. Niliona rangi tu, nikasema Mungu saidia, nikabonyeza."

Bi Redio akapenga kamasi. Mashine ikamaliza sweta, ikanyamaza.

Kwenye kimya hicho tukasikia mtu analia.

Nilidhani ni Bi Redio. Bi Redio alidhani ni mimi. Tukageukiana.

"Si mimi," alisema.

"Wala si mimi."

Kilio kilikuwa kidogo, cha mtu aliyejiziba mdomo. Kilikuwa kinatoka kwenye kompyuta.

"Mama," kompyuta ikasema.

Bi Redio akanyakua mkasi. "Nani yuko humo ndani? Toka!"

"Ni mimi. Msiogope. Mama, ni mimi."

Mkamwana wangu.

Niliishika skrini kwa mikono miwili. "Si nimeifunga?"

"Umefunga dirisha, Mama. Simu hukuikata. Kwenye hii ni vitu viwili tofauti. Dirisha linaondoka, simu inabaki ndani inaendelea. Ukitaka kukata kuna kitufe chake."

Kosa halikuwa la kompyuta. Ilikuwa inafanya kama ilivyofundishwa, na mimi nilikuwa nafanya kama nilivyofundishwa, na katikati yetu maisha yangu yote yamemwagika sakafuni.

"Tangu lini unasikia?" nilimuuliza.

"Tangu vidole tisa."

Yote, basi. Kila neno.

"Nani mwingine yupo?"

"Wifi aliaga, yuko kazini. Mume wangu alikata ya kwake, ameshuka dukani kununua balbu. Niko peke yangu jikoni. Nilitaka kukata, Mama, naapa. Nikasikia mnacheka, nikasema ngoja nisikie Mama anavyocheka. Halafu ukanitaja. Nikashindwa."

Bi Redio akaweka mkasi chini, taratibu, kama mtu aliyevamia nyumba siyo.

"Nisamehe, mwanangu," nilisema. "Hayo hayakuwa maneno ya kusikia wewe."

"Nilikuwa najua."

"Ulikuwa unajua nini?"

"Macho. Siku ile ya kompyuta ulimimina chai. Uliweka ncha ya kidole ndani ya kikombe ili ujue imefika wapi. Mama yangu alikuwa anafanya vilevile, kabla hajatuambia."

Wengine wote walikuwa wanapiga picha. Huyu alikuwa anatazama kidole changu.

"Kwa hiyo nilikuwekea alama," alisema. "Sikutaka kukuaibisha, ndiyo maana nilitumia ile rangi ya kucha isiyoonekana. Gusa karibu na gumba. Kuna kivimbe?"

Nikagusa. Kilikuwapo. Kile kigumu, kile kichafu.

"Hicho ni cha amri. Sogea juu kulia, mwisho kabisa. Hicho cha kufutia. Na cha tatu ni herufi ya kuhifadhi, kwa sababu ulisema ndiyo unayoitumia kuliko zote. Nilikiweka kikubwa kuliko vingine, kwa sababu jirani yake ni herufi ya kugeuza picha, niliogopa usije ukaichanganya."

Kidole changu kilikwenda chenyewe mahali pale. Palikuwa laini.

Mkasi wangu. Ncha yake. Mimi na uchafu hatupatani.

Nilikwangua kivimbe kile kwa bidii, nikapuliza vumbi lake, nikajiona msafi. Siku iliyofuata nikaanza masweta, kidole kikatua kwa jirani, mwenge ukageuka. Nilikuwa nimeukwangua mkono ulionishika.

"Mama? Cha tatu kipo?"

"Kipo," nilisema. Ndiyo, hapo nilidanganya. Usinihukumu. Kuna ukweli ambao koo linaukataa.

Bi Redio alinitazama. Akaukamata mkono wangu, akaugeuza kiganja juu, akaushika hivyo.

"Sasa sikiliza, Mama," alisema mkamwana wangu. Sauti yake ilikuwa imebadilika. Haikuwa ndogo tena. "Mimi mzigo hauniogopeshi. Kinachoniogopesha ni kuchelewa. Mama yangu alificha. Alificha kwa sababu kama yako, hakutaka kunisumbua. Alipokuja kusema, matone hayakuwa na cha kuokoa. Wewe bado una kipande. Hayo matone yakiingia vizuri, kila siku, kipande hicho kinaweza kubaki."

"Nusu yanaingia."

"Nusu haitoshi. Nitakuja mimi. Kila jioni nikitoka saluni, nitapita nikuwekee. Utabaki kwako na mashine yako. Sitakupandisha ngazi hata moja."

Wasomaji wangu, kwa muda niliuona mlango. Mlango wa kweli, uko wazi kabisa, na mwanga unaingia.

"Lakini nitakuwa nachelewa kurudi kila siku," alisema. "Ataniuliza ninapitia wapi. Mimi sitakwenda kumwambia, hiyo ni siri yako. Ila akiniuliza, sitamdanganya. Sijawahi. Hata zawadi siwezi kumficha, anaijua usoni kwangu. Kwa hiyo mwambie wewe. Mwambie kabla hajaniuliza."

"Nikimwambia, atafunga chumba."

"Usipomwambia, yatakayofungwa ni macho."

Mlango ukarudi kuwa ukuta.

"Nipe wiki," nilisema. "Masweta haya yaishe, watoto waende shule, mwalimu mkuu aridhike. Mwanangu akiyaona ni mazuri, atakuwa na moyo mlaini. Hapo nitamwambia."

"Kweli, Mama?"

"Kweli."

"Kwa hiari yako?"

"Kwa hiari yangu."

Akavuta kamasi, akacheka kidogo. Kile kicheko chake kipya. "Na mwambie Bi Redio akohoe kwa mpangilio."

"Nimekusikia!" alisema Bi Redio. "Na ukija jioni uniletee rangi nyekundu ya kucha, na mimi nina vitufe vyangu."

Tulicheka sote watatu, wawili huku na mmoja kule. Nilihisi kifua kinafunguka kwa mara ya kwanza tangu nilipopiga vigelegele vile vya uongo. Nilikuwa na wiki nzima. Wiki ni mali, ukiwa umebanwa.

Ndipo nikasikia, kule kwake, mlango ukifunguliwa.

Nilizijua hatua zile. Nimezisikia tangu zilipokuwa za miguu mitupu. Kisha mfuko wa nailoni ukiwekwa mezani.

"Balbu zao zote ndogo," alisema mwanangu. "Nimechukua hii." Hatua zikasimama. "Mbona macho mekundu?"

Mkamwana wangu hakujibu.

"Unaongea na nani?"

Kule jikoni kiti kikaburuzwa.

"Si tulishamaliza na Mama? Hiyo simu ya nani?" Hatua zikasogea. Ile sauti ya polepole ikawa karibu, laini, ya mtu anayempenda mkewe na ameingiwa na hofu. "Mke wangu. Nimekuuliza. Kuna nini?"

Bi Redio alikuwa ameubana mkono wangu mpaka vidole vikaniuma. Mwingine, wa kulia, ulishafika wenyewe kwenye kona ya kushoto bila mimi kuutuma. Kishale kilikuwa juu ya kitone chekundu cha dirisha la nembo.

Nikabonyeza. Nikabonyeza tena.

Na kwenye skrini ambayo haikuwa na kitu tena, nilimsikia mkamwana wangu, wazi kabisa, akivuta pumzi ya mtu anayetaka kusema kweli.